Kupima Bei ya Haki ya Gobori Lililotumika: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi Aliyeko Marekani

Magobori mawili ya aina moja yanaweza kulazwa kwenye meza moja ya maonyesho ya silaha, moja likiwa na kibandiko cha dola 275 na jingine cha dola 400, na lile la bei ndogo likawa ndilo ghali. Mbao inayong'aa na shaba iliyosuguliwa huonekana na kila mpita njia, lakini thamani ya gobori la kuwindia iko ndani ya mtutu, mahali ambapo wauzaji wengi hawajachungulia kwa miaka. Mwongozo huu unawalenga wasomaji wa Kiswahili walioko Ohio, Kentucky, Iowa na majimbo mengine ya Marekani, ambako msimu wa kuwinda kulungu kwa gobori ni jambo la kawaida na soko la magobori yaliyotumika ni kubwa. Kanuni yake ni moja: bei ya haki ni kile ambacho gobori la aina hiyo likiwa zima huuzwa kweli, ukiondoa gharama ya kulirudisha katika hali ya uzima.

Kabla ya bei kuna sheria. Kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ya udhibiti wa silaha, pamoja na marekebisho yake, magobori mengi yanayoshindiliwa baruti kwa mdomoni na yasiyoweza kutumia risasi za ganda (zenye risasi na baruti pamoja ndani ya ganda moja) huhesabiwa kuwa silaha za kale, hata yakiwa yametengenezwa juzi, na kwa hiyo hayapitii utaratibu wa fomu na ukaguzi wa mnunuzi unaotumika kwa bunduki nyingine dukani. Hata hivyo, baadhi ya mifano, kama Encore ya kiwanda cha Thompson/Center, ina kiunzi kinachoweza kufungwa mtutu wa risasi za kawaida, na hiyo ni bunduki kamili machoni pa sheria. Majimbo nayo yana yake. New Jersey, kwa mfano, haitambui msamaha huo kwa ulegevu ambao jirani zake wanautambua. Mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la jinai, au ambaye hadhi yake ya uhamiaji bado haijakamilika, amwone mwanasheria kabla hajatoa hata senti. Na yeyote anayefikiria kulipeleka gobori nyumbani aelewe kwamba Tanzania na Kenya haziliachi huru: huko linahitaji kibali kama silaha nyingine.

Hatua ya kwanza: lijue gobori ulilonalo mkononi

Soma maandishi yaliyo juu ya mtutu. Maneno "Black Powder Only" au "Made in Spain" yanakuambia papo hapo kwamba hicho ni kifaa cha kisasa kilichoigwa kutoka umbo la zamani, na muuzaji anayedai kwamba ni mali ya babu yake wa karne ya 19 ama amedanganywa ama anakudanganya. Bunduki za kweli za karne hiyo ni somo jingine kabisa: huko mkusanyaji hulipia jina la fundi, uhalisi wa kila kipande na hata utandu wa uzee juu ya chuma, na kulisafisha kwa brashi kunaweza kupoteza sehemu kubwa ya thamani kwa alasiri moja. Ukidhani umelipata la namna hiyo, liache kama lilivyo na umtafute mthamini.

Katika magobori ya kisasa, majina machache yanarudi tena na tena. Thompson/Center wa Rochester, New Hampshire, walianza kuuza Hawken yao mwaka 1970, wakilipa jina la ndugu Jacob na Samuel Hawken, mafundi wa St. Louis, ingawa umbo lake fupi lenye shaba tele halifanani sana na bunduki za ndugu hao. Ina mtutu wa pembe nane wenye urefu wa inchi 28, na ndiyo inayotumiwa na wengi kama kipimo cha soko. Renegade ya kiwanda hicho hicho haina urembo wa shaba, ina mtutu wa inchi 26 ulio mnene zaidi, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kidogo bila sababu yoyote ya kiufundi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nafasi nzuri ya mnunuzi anayetaka nyama kuliko sifa. Great Plains Rifle ya Lyman, iliyotengenezwa Italia, ina mtutu wa inchi 32 na inapendwa na wanaotumia risasi ya duara. Pedersoli ya Italia iko ngazi ya juu zaidi kwa kazi na kwa bei. Magobori ya zamani ya CVA na Traditions kutoka Hispania yako chini, mengine yakipiga vizuri kupita bei yake, mengine yakiwa na mtambo (nyundo na vyuma vinavyoiendesha) mwepesi unaochakaa upesi.

Kundi la pili ni magobori ya kisasa ambayo moto wake huingia moja kwa moja nyuma ya baruti, mtindo uliopata umaarufu baada ya Tony Knight wa Missouri kutoa MK-85 mwaka 1985. Hapa kuna onyo ambalo halina mjadala. CVA waliita virudishwe kiwandani magobori yao ya mtindo huu yaliyotengenezwa mwaka 1995 na 1996, kwa sababu mtutu uliweza kupasuka. Tazama namba ya mfululizo: ikiwa tarakimu mbili za mwisho ni 95 au 96, bei ya haki ni sifuri, na ukipewa bure usilipige. Bado yanaibuka kwenye minada ya nyumbani na maduka ya rehani, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hana habari.

Hatua ya pili: hakikisha halina kitu ndani

Gobori halifunguki kama bunduki ya ganda, na shehena iliyosahauliwa inaweza kukaa humo miaka mingi ikiwa bado hai. Ondoa fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti kikigongwa, kama ipo juu ya kifa, yaani kichuchu cha chuma kilicho chini ya nyundo, weka nyundo katika nusu mtego (imepandishwa nusu tu), elekeza mdomo mahali salama, kisha ingiza mdeki, ule ufito wa kushindilia, polepole hadi ugote. Bana mdeki kwa kidole palipo mdomo wa mtutu, uutoe, uulaze nje sambamba na mtutu huku kidole kikiwa kwenye mdomo ule ule. Ncha ya mdeki inapaswa kufika karibu na usawa wa kifa. Ikiishia vidole viwili au vitatu kabla ya hapo, kuna baruti na risasi ndani, au kuna tambara lililonasa, na katika hali zote mbili ukaguzi unasimama hapo hadi fundi wa bunduki alitoe. Usikubali maneno ya "mwenyewe nalijua, ni tupu." Kipimo hiki huchukua chini ya dakika moja, na muuzaji anayekikataa amekwisha kukujibu maswali yote mengine.

Hatua ya tatu: mtutu

Hapa ndipo muda wako utumike. Baruti nyeusi na baadhi ya mbadala zake, kama Pyrodex, huacha masizi yanayovuta unyevu wa hewani, na mtutu uliolazwa bila kuoshwa baada ya kuwinda huanza kutafunwa na kutu katika siku chache tu. Kutu hiyo haienei sawasawa. Huuma zaidi inchi chache za mwisho karibu na kizibo cha nyuma, mahali baruti ilipoungulia na ambapo kitambaa cha kusafishia hufika kwa shida, kwa hiyo muuzaji anayekuonyesha mdomo wa mtutu unaometa bado hajakuonyesha kitu.

Anza kwa kitambaa cheupe kikavu kilichokaza vizuri kwenye kichwa cha mdeki. Kisukume hadi chini na ukivute taratibu huku mkono ukisikiliza. Mtutu mzima hukaza kwa kiasi kile kile kutoka mwanzo hadi mwisho, kama droo iliyochongwa na seremala mzuri. Ukihisi kitambaa kinakwaruzwa na vijinyuzi vyake vinashikwa, hapo kuna vishimo vya kutu. Ukihisi kinalegea ghafla kwa upana wa kidole kisha kinakaza tena, hapo mtutu umevimba, na chanzo chake huwa karibu kila mara ni kimoja: mtu alipiga wakati risasi haijashuka hadi kugusa baruti. Thibitisha kwa nje kwa kulaza rula ya chuma juu ya bapa za mtutu. Mwanga ukipita chini ya rula pande zote za mahali pamoja, uvimbe upo. Gobori lenye mtutu uliovimba si la kuwindia tena, na thamani yake ni ya vipuri vyake tu.

Tazama pia rangi ya kitambaa. Weusi ni masizi, na husafishika. Kahawia hafifu inaweza kuwa kutu ya juu juu iliyozaliwa baada ya mafuta kukauka, nayo hutoka kwa mafuta na brashi ya shaba. Wekundu mzito unaoendelea kutoka kitambaa baada ya kitambaa, pamoja na chembechembe unazozisikia ukikisugua kati ya vidole, ni habari mbaya.

Baada ya mkono, tumia macho. Magobori mengi ya umbo la Hawken hufunguliwa kwa urahisi: weka nyundo nusu mtego, sukuma kabari inayopita kwenye mbao chini ya mtutu, inua mtutu kwa mdomoni, nao hujinasua kwenye ndoano yake ya nyuma. Hawken ya Thompson/Center ina kabari moja, Great Plains ina mbili. Dondosha taa ndogo ya kuchungulia hadi chini, au tumia kamera nyembamba inayounganishwa na simu, ambayo siku hizi ni ya bei nafuu na hujilipa kwa ukaguzi mmoja. Unachotafuta ni kingo za mifereji ya mzunguko, ile inayoizungusha risasi inapotoka: zikiwa kali kuanzia chini hadi juu, mtutu una maisha, hata kama rangi yake ni ya kijivu. Watu wengi hukimbia mtutu mweusi na kununua uliong'arishwa kwa nguvu, ilhali ule uliong'arishwa huenda umepoteza kingo zake zote. Mtutu uliofifia rangi lakini wenye mifereji mikali mara nyingi hupiga risasi ya duara iliyovikwa kitambaa kwa usahihi wa kuridhisha, na hapo ndipo mnunuzi mwenye subira hupata faida.

Mwisho, kagua mdomo. Mdeki uliosuguliwa upande mmoja kwa miaka hula kingo za mifereji upande huo, na mdomo ukawa na umbo la yai kidogo. Kasoro hiyo hurekebishika kwa fundi, lakini ikatwe kwenye bei.

Kwa magobori ya moto wa nyuma, ongeza jaribio moja: kizibo lazima kitoke, mbele yako, kwa ufunguo wake. Kizibo kilichoganda kinamaanisha kwamba mwenyewe hakuwa akikitoa kusafisha, na kwamba hujui hali ya nyuzi za parafujo zake. Kwangu kizibo kilichoganda hukata nusu ya bei, na muuzaji akisema kitatoka kwa mafuta kidogo, basi akitoe yeye kwanza.

Hatua ya nne: mtambo, kifa na triga

Pandisha nyundo hadi nusu mtego na uvute triga kwa nguvu ya wastani, nyundo isishuke. Ipandishe mtego kamili na uisukume kwa gumba kutoka nyuma, isishuke pia. Usiiachie ipige kifa kikavu, ishushe kwa kuishika, maana ncha ya kifa iliyopondeka kwa kupigwa bila fataki ni kasoro ya kawaida sana. Kifa chenyewe ni cha dola chache na hubadilishwa kwa dakika. Kinachogharimu ni kile kilichoganda au kilichokaa kombo kwa kuwa nyuzi zake zimekwisha, kwa hiyo omba kifunguliwe. Penye triga mbili, tega ile ya nyuma kisha gusa ya mbele. Iwe nyepesi, lakini isijiachie ukigonga kitako chini kwa kiganja.

Gobori la gumegume, yaani linalowashwa kwa cheche za jiwe, lina jaribio lake. Bila baruti yoyote, na kwa jiwe lenye makali, linapaswa kumwaga cheche nyeupe nyingi ndani ya kisahani chake. Cheche chache nyekundu humaanisha chuma cha kupigia kimelainika au kimelika, na kukitia ugumu upya ni kazi ya fundi. Pennsylvania imekuwa na msimu wake maalumu wa gumegume tangu mwaka 1974, na ndiyo sababu bei za aina hiyo huko hazilingani na za majimbo mengine.

Hatua ya tano: mbao

Angalia shingo ya kitako nyuma ya mtambo, kando ya bamba la mtambo, na kuzunguka tundu la kabari. Ufa mwembamba unaofuata nyuzi za mbao hupona kwa gundi nzuri. Ufa unaokata shingo kwa mshazari hauponi kwa kuaminika. Mbao iliyolowa mafuta hadi ikawa nyeusi karibu na mtambo imelainika. Mwachano mpana kati ya mbao na chuma, pamoja na rangi iliyopakwa kwa mkono usio na uzoefu, huonyesha kwamba gobori liliuzwa kama vipande vya kuunganisha nyumbani. Si kosa, lakini lisilipiwe bei ya lililokamilishwa kiwandani.

Hatua ya sita: tafuta bei zilizolipwa, si zilizoombwa

Mtu anaweza kuandika bei yoyote. Kwenye mnada wa mtandaoni kama GunBroker, chuja uone minada iliyokwisha na kuuzwa, ya mfano ule ule, kipenyo kile kile na mtambo wa aina ile ile, kwa miezi ya karibuni. Kusanya mitano au sita. Kumbuka kuhesabu gharama ya kusafirisha ambayo mnunuzi wa mnadani alilipa juu yake, kwa kuwa wewe uliye mbele ya meza hutailipa. Msimu nao una mkono wake: kuanzia Septemba hadi Novemba kila mtu anatafuta gobori, ilhali Januari na Februari wapo wanaotaka kuondoa lile ambalo halikuwapa kulungu.

Kwa gobori la kisasa la moto wa nyuma, kipimo kingine ni bei ya jipya dukani. CVA bado wanatoa mifano yenye dhamana kwa bei isiyo kubwa, hivyo kulipa zaidi ya theluthi mbili ya bei ya jipya kwa kitu ambacho huijui historia yake hakuna maana. Darubini iliyofungwa juu huhesabiwa nusu ya bei yake mpya, tena ikiwa nzuri.

Hatua ya saba: piga hesabu

Tuseme unaitazama Hawken ya kipenyo cha inchi 0.50, inayowashwa kwa fataki, na mauzo uliyoyapata ni dola 340, 360, 375, 380, 410 na 520. Ile ya 520 ilikuwa mpya ndani ya boksi lake, kwa hiyo iweke kando. Katikati ya zilizobaki ni 375, na hiyo ndiyo thamani ya gobori zima. Ya kwako ina vishimo vyepesi karibu na kizibo lakini mifereji mikali: ondoa 60. Mdeki si wake na ni mfupi: ondoa 25. Kifa kimepondeka: ondoa 10. Inabaki 280. Muuzaji anaongeza kalibu ya kumiminia risasi na kipimo cha baruti, ambavyo ungevinunua kwingine vikiwa vimetumika kwa dola 20. Bei ya haki ni 300. Anza kwa 260, na 300 iwe ukomo wako hata kama meza ya pili ina mtu anayekunyemelea.

Makopo ya baruti yaliyokwisha kufunguliwa usiyape thamani yoyote, kwani hujui kilichomo wala yalihifadhiwaje. Fataki zilizofungwa ni jambo jingine: zimekuwa adimu mara kwa mara, na pakiti kadhaa zinaweza kuwa sababu halali ya kuongeza dola chache.

Kuna pia bei ambayo ni haki sokoni lakini si haki kwako. Mtutu ambao mifereji yake huzunguka mara moja kwa kila inchi 60 au zaidi umefanywa kwa risasi ya duara. Wa mzunguko mmoja kwa kila inchi 28 unataka risasi ndefu za kisasa zilizovikwa kikombe cha plastiki. Wa mzunguko mmoja kwa kila inchi 48 hujaribu kuridhisha pande zote mbili. Colorado hairuhusu vikombe hivyo, wala darubini, wala baruti ya vidonge katika msimu wake wa gobori, na Idaho inataka nyundo na moto vilivyo wazi. Gobori zuri la Ohio linaweza kuwa fimbo tu huko. Soma kanuni za jimbo lako za mwaka huu kabla ya kupatana bei.

Unapopatana, weka kasoro mezani moja moja na umwonyeshe muuzaji kitambaa chenyewe badala ya kulibeza gobori lake. Wazee wengi wanaouza haya huyapenda, na mnunuzi aliyelifungua kwa adabu, akalifunga vilevile na kufuta alama za vidole juu ya mtutu, hupunguziwa kuliko anayepiga kelele. Mkikubaliana, andikeni karatasi yenye tarehe, jina la mfano, namba ya mfululizo, bei na majina ya pande zote mbili, hata pale sheria haiwalazimishi, kisha mpelekee fundi bunduki alikague kabla ya baruti ya kwanza kuingia ndani.